Hujui kuchora? Panda basi, chukua penseli

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Tafuta kipande cha karatasi, hata risiti ya dukani inatosha, kisha uchore baiskeli. Si lazima iwe nzuri. Weka magurudumu mawili, fremu, pedali, mnyororo na usukani. Usitafute picha kwenye simu, na usichungulie nje kuona kama jirani ameegesha ya kwake. Dakika mbili zinatosha. Tunakusubiri.

Tayari? Sasa angalia mnyororo wako. Je, umeuzungusha kwenye magurudumu yote mawili? Angalia na fremu. Kuna chuma kinachotoka moja kwa moja gurudumu la mbele mpaka la nyuma? Kama umejibu ndiyo hata kwa moja, baiskeli yako ina kasheshe. Mnyororo wa baiskeli ya kawaida unatoka kwenye pedali kwenda gurudumu la nyuma tu. Na fremu ikifungwa kwenye magurudumu yote mawili, usukani hauwezi kugeuka. Utakwenda mbele tu mpaka ukutane na ukuta.

Usijisikie vibaya. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Rebecca Lawson wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, alichapisha utafiti uliotumia zoezi la aina hii, na watu wengi walikosea mambo haya haya. Mikono yao haikuwa na shida. Baiskeli wamekutana nazo maisha yao yote, ila hawakuwahi kuitazama moja kwa makini.

Leo tunaongelea kuchora ukiwa safarini: kwenye basi, kivukoni, sokoni, au ukiwa fildi na daftari lako. Hoja yetu ni hii: mtu anayesema "mimi sijui kuchora" mara nyingi mkono wake ni mzima kabisa. Ni mkono ule ule unaoandika jina lake vizuri na kutia uzi kwenye tundu la sindano. Kinachomshinda ni kuona. Na kuona, tofauti na tulivyoaminishwa shuleni, kunafundishika. Safari ndilo darasa zuri kuliko yote, kwa sababu huko kila kitu ni kigeni, na jicho bado halijazoea.

Ubongo unapenda majibu ya haraka

Mwanga unaingia jichoni, unafika kwenye retina, na kutoka hapo taarifa zinakwenda kwenye ubongo. Lakini ubongo hauhifadhi kila kitu kama kamera. Kazi yake kubwa ni kukuambia haraka: hiki ni nini, na je, nikimbie? Ukiona mbuzi pembeni mwa barabara, ubongo unasema "mbuzi" na kuendelea na mambo mengine. Haujahesabu vivuli vya tumbo wala kupima urefu wa shingo. Na kwa maisha ya kila siku hiyo ni sawa kabisa. Ukianza kuchunguza shingo ya kila mbuzi huwezi kuvuka barabara salama.

Tatizo linakuja unaposhika penseli. Unauliza ubongo, "nipe mbuzi," nao unakupa alama: sanduku, miguu minne, pembe mbili. Ukisema "nyumba", unapewa mraba na pembetatu juu yake, hata kama wewe mwenyewe umekulia kwenye ghorofa. Yaani hauchori kinachoonekana, unachora jina la kitu.

Hivi unakumbuka michoro ya baiolojia sekondari? Penseli ichongwe vizuri, mistari isikatike, usitie kivuli, mistari ya majina isipishane. Sheria nzuri tu. Lakini wengi wetu tulimchora panzi kutoka ubaoni, na aliyechora ubaoni alimtoa kitabuni. Panzi mwenyewe alikuwa nje kwenye majani, hakuna aliyemuuliza kitu. Tukatoka shuleni tukijua kunakili, na wale ambao nakala zao hazikupendeza wakaambiwa hawana kipaji. Hasara yake unaiona chuoni. Mtu anafika fildi, anasimama mbele ya mwamba au mmea halisi, na anachokiona ni picha ya kitabuni.

Jaribio la kioo

Kama huamini kwamba ubongo unabadilisha unachokiona, nenda bafuni. Simama mbele ya kioo, funga jicho moja, tuliza kichwa, halafu kwa kipande cha sabuni chora juu ya kioo mzunguko wa uso wako kama unavyouona. Kisha sogea pembeni, upime mchoro kwa rula, upime na uso wako.

Mchoro utakuwa nusu ya urefu wa uso wako. Nusu! Na ukirudi nyuma hatua mbili ukachora tena (kama mkono unafika), bado ni nusu. Sababu ni jiometria rahisi. Taswira yako iko nyuma ya kioo kwa umbali ule ule ulioko wewe mbele yake. Kwa hiyo kioo kipo katikati kabisa ya safari kati ya jicho na taswira, na kinachokatwa katikati ya safari ni nusu ya ukubwa.

Umejiangalia kwenye kioo kila asubuhi kwa miaka yote hiyo, na haukuwahi kuona uso wa nusu. Ubongo ulikuwa unausahihisha kimyakimya. Wanasaikolojia wanauita uwezo huu uthabiti wa ukubwa, na ni baraka: rafiki yako akivuka barabara kwenda upande wa pili, hudhani kwamba amekuwa kibeti. Lakini mchoraji anayeanza anaumizwa na baraka hiyo hiyo. Anajua lori ni kubwa, basi analichora kubwa, hata kama liko mbali kiasi cha kufunikwa na ukucha.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la swali ambalo wasafiri wengi hujiuliza: mbona mlima ulionitisha pale dirishani, kwenye picha ya simu umekuwa kichuguu? Lensi ya kawaida ya simu inachukua eneo pana, na mlima unapata sehemu yake ndogo tu ya picha. Ulipokuwa unautazama wewe, akili yako yote ilikuwa juu ya mlima peke yake. Simu haina umakini wa kumpendelea mtu. Inagawa nafasi sawasawa kwa mlima, nguzo za umeme na bega la abiria wa mbele.

Kidole gumba, kipimo cha bure

Dawa ya kwanza ya tatizo hili unayo mkononi. Nyoosha mkono mpaka mwisho, funga jicho moja, inua kidole gumba. Kwa watu wengi upana wa kidole ni kama sentimita 2, na umbali kutoka jichoni ni kama sentimita 60. Kwa hiyo kidole chako kinafunika kitu ambacho upana wake ni sehemu moja ya 30 ya umbali wake. Kwa lugha ya pembe hiyo ni karibu nyuzi 2. Mwezi mpevu unachukua nusu nyuzi tu, ndiyo maana kidole gumba kinaufunika bila shida. Jaribu usiku, uone unavyouchora mkubwa kuliko ulivyo.

Uwiano huo wa 1 kwa 30 una faida mbili. Ya kwanza ni ya kuchora: unapima mlima una vidole vingapi kwa upana, vingapi kwa kimo, kisha unaweka uwiano huo huo kwenye karatasi. Huna haja ya kukisia. Ya pili ni ya kisayansi. Chukua mbuyu ulio mita 300 kutoka ulipo. Kama shina lake limefunikwa na nusu ya kidole, basi upana wake ni kama mita 5. Umepima mti bila kushuka kwenye gari.

Sharti ni moja: mkono uwe umenyooka kila mara. Ukiukunja kidogo, kipimo kimebadilika.

Mstari wa macho

Nenda ufukweni siku yoyote, tuseme Coco Beach pale Dar es Salaam. Tafuta mstari ambapo bahari inakutana na anga. Ukisimama, mstari huo uko usawa wa macho yako. Ukikaa kwenye mchanga, unashuka pamoja nawe. Ukipanda ghorofani, unapanda. Upeo wa macho unakufuata popote, kwa sababu ni mstari unaotoka jichoni mwako kwenda mbele bila kupanda wala kushuka.

Sasa hamisha ujuzi huo kwenye uwanja wa stendi. Kama uwanja ni tambarare na umesimama, basi kila mtu mzima mwenye kimo kama chako atakuwa na macho yake kwenye mstari huo huo, awe mita 5 kutoka kwako au mita 100. Kinachotofautiana ni miguu: wa karibu miguu yao iko chini kwenye karatasi, wa mbali miguu yao inakaribia mstari. Wanaoanza huweka watu wa mbali juu kabisa ya karatasi, wakaonekana wanaelea kama maputo. Ukikaa kwenye kiti, mstari unapita usawa wa vifua vyao. Chora mstari huo kwanza, kwa wepesi, kisha tundika watu juu yake kama nguo kwenye kamba.

Kanuni hiyo ndiyo inayotawala majengo pia. Kingo zilizo juu ya macho yako, kama za paa na dari za baraza, zinashuka kadiri zinavyokwenda mbali. Zilizo chini ya macho, kama za sakafu na barabara, zinapanda. Mtaa ukiwa umenyooka, zote zinaelekea nukta moja kwenye mstari wa macho. Huko Florence, Italia, msanifu Filippo Brunelleschi aliifanyia maonyesho kanuni hii mwanzoni mwa karne ya 15, na mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaiandikia kitabu. Alberti alimshauri mchoraji aifikirie karatasi yake kama dirisha anamochungulia.

Ukifika Mji Mkongwe, Zanzibar, utakutana na mtihani mzuri zaidi. Vichochoro vyake vimepinda, kwa hiyo kila ukuta una nukta yake ya kukimbilia, ila nukta zote bado ziko kwenye mstari mmoja wa macho. Ukishaupata mstari, kichochoro kinajichora chenyewe, karibu.

Ndani ya basi, chora cha mbali

Watu hudhani huwezi kuchora kwenye gari linalokwenda. Unaweza, ukichagua vizuri. Hesabu yenyewe ni hii. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, linakata kama mita 22 kila sekunde. Mti ulio mita 10 kutoka barabarani utaanza kuuona vizuri ukiwa mita 10 mbele yako, na utaupoteza ukiwa mita 10 nyuma. Hizo ni mita 20. Yaani mti mzima umekaa dirishani chini ya sekunde moja! Mlima ulio kilomita 10 kutoka barabarani, kwa pembe ile ile ya dirisha, utakaa mpaka basi limalize kilomita 20. Hizo ni dakika 15.

Chukua safari ya Dar kwenda Iringa. Ukikaa upande wa kushoto, unapokaribia Morogoro milima ya Uluguru itakupa muda wa kutosha. Chora mstari wa vilele tu, usihangaike na miti. Mbele yake kuna hifadhi ya Mikumi, ambapo barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kama kilomita 50. Hapo usijaribu kummaliza twiga. Mchukue kwa mistari mitatu: shingo, mgongo, mwelekeo wa miguu. Kisha unaingia bonde la mibuyu kando ya mto Ruaha, na baada yake Kitonga, mlima ambao unalifanya basi litambae nyuma ya malori. Wenzako wanalalamika foleni, wewe unafurahi: vitu vya karibu navyo sasa vinakaa dirishani muda wa kutosha kuchorwa.

Na mistari ikitetemeka? Iache itetemeke. Tumia biki badala ya penseli ukiweza, na kifutio kiache nyumbani. Kifutio kinakurudisha kwenye karatasi kila dakika, wakati kazi yako iko dirishani.

Mbinu tatu za kuukwepa ubongo

Ya kwanza: mstari wa kipofu. Weka kalamu kwenye karatasi, weka jicho kwenye ukingo wa kitu, tuseme kiatu cha abiria wa pembeni. Jicho litembee polepole kama sisimizi kwenye ukingo huo, na kalamu itembee nalo. Usitazame karatasi mpaka umalize. Matokeo yatachekesha, lakini tazama vizuri, utaona mikunjo ambayo ungechora kwa kukumbuka usingeiweka kamwe. Mwalimu wa sanaa wa Marekani Kimon Nicolaïdes alilifanya zoezi hili kuwa msingi wa mafunzo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1941, na bado linatumika.

Ya pili: nafasi tupu. Badala ya kuchora kiti, chora maumbo ya hewa yaliyo katikati ya miguu ya kiti. Badala ya matawi ya mbuyu, chora vipande vya anga vilivyo kati yake. Siri ni kwamba ubongo hauna jina la kipande hicho cha anga, kwa hiyo hauna alama ya kukupa. Unalazimika kukitazama.

Ya tatu: finya macho. Ukifumba macho nusu, mambo madogo madogo yanapotea na unabaki na mafungu makubwa ya mwanga na giza. Yagawe matatu tu: cheupe, cha kati, cheusi. Hapa saa ina uzito wake. Sisi tuko karibu na ikweta, na saa sita mchana jua linakuwa juu sana, vivuli vinajificha chini ya vitu. Dar es Salaam jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwezi Oktoba. Chora asubuhi au jioni, wakati vivuli virefu vinakuonyesha umbo.

Huenda umewahi kusikia kwamba mazoezi haya yanaamsha "upande wa kulia wa ubongo". Wazo hilo lilienea sana kutokana na kitabu cha Betty Edwards cha mwaka 1979. Mazoezi yake ni mazuri, lakini maelezo hayo yamerahisishwa mno. Kuchora kunatumia pande zote mbili: kuona, kupima, kukumbuka na kuongoza mkono. Zoezi linafanya kazi kwa sababu linachelewesha jina.

Si nina simu?

Swali halali. Simu inapiga picha 300 kabla hujachonga penseli, na kwa kutunza ushahidi picha haina mpinzani. Lakini kuna kitu kinapotea. Mwaka 2014 Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha majaribio ambayo watu walitembezwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa. Vitu vingine waliambiwa wavipige picha, vingine wavitazame tu. Baadaye walikumbuka vibaya zaidi vitu walivyopiga picha. Ni kama ubongo ulisema: simu imeshika, mimi niko huru. Cha kuvutia, walipoambiwa wavute sehemu moja tu ya kitu wakati wa kupiga picha, hasara hiyo haikuonekana. Umakini ndio uliowaokoa.

Upande wa pili, mwaka 2016 Jeffrey Wammes, Melissa Meade na Myra Fernandes wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kwamba watu waliochora kitu kinachotajwa na neno walilikumbuka neno hilo vizuri zaidi kuliko walipoliandika tena na tena. Na habari njema kwako wewe mwenye mbuzi wa sanduku: uzuri wa mchoro haukuwa na uzito. Kwa nini? Maelezo yao ni kwamba ukichora unaunganisha mambo matatu kwa pamoja: unafikiria kitu kina sura gani, mkono unafanya, na jicho linaona matokeo. Kumbukumbu inapata njia tatu za kurudi nyumbani badala ya moja.

Kwa mwanafunzi wa fildi, faida haiishii kwenye kumbukumbu. Picha inachukua kila kitu bila kuchagua. Mchoro unakulazimisha uamue: tabaka hili la mwamba linaishia wapi? Jani hili limeshikana na shina moja kwa moja au lina kikonyo? Ukishindwa kuchora sehemu fulani, umegundua kwamba bado hujaielewa, na umegundua ukiwa bado uko pale, unaweza kuinama ukaangalia tena. Ukija kugundua hosteli, kilomita 400 mbali, picha haitakusaidia kama hukuipiga upande unaohitajika.

Waliotembea na kalamu

Charles Darwin alizunguka dunia na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836. Uzeeni, kwenye tawasifu yake, aliandika kwamba kutojua kuchora ni upungufu uliomgharimu katika kazi zake za safari ile. Huyo ni Darwin.

Karibu na kwetu, Mary Leakey aliingia kwenye akiolojia kwa mlango wa kuchora. Alianza kwa kuwachorea watafiti zana za mawe. Mwaka 1951 alipiga kambi Kondoa, Tanzania, akinakili michoro ya miambani, kazi iliyokuja kutoka kitabu mwaka 1983. Miamba hiyo iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Huwezi kunakili mstari wa mtu aliyechora zamani sana bila kujiuliza mkono wake ulianzia wapi na ukaishia wapi.

Jonathan Kingdon naye alizaliwa Tabora mwaka 1935 na akafundisha sanaa Makerere. Mfululizo wa vitabu vyake kuhusu mamalia wa Afrika Mashariki, uliotoka kati ya 1971 na 1982, umejaa michoro ya wanyama, misuli yao na mifupa yao. Kwake mchoro haukuwa pambo la kurasa. Ulikuwa njia ya kuuliza swali: kwa nini mnyama huyu ana umbo hili na si lile?

Na kuna vitu ambavyo havitusubiri. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Waliowahi kukaa Forodhani wakachora nguzo zake na baraza zake wanazijua nguzo zile namna ambayo mpita njia hazijui.

Adabu na usalama

Kuchora hadharani kunavuta watu. Watoto watakuzunguka, na mmoja atakuambia ukweli kuhusu mchoro wako bila kuombwa. Ukitaka kukaa kwenye baraza ya mtu, anza na salamu: "Shikamoo mzee, naomba nikae hapa nichore mlango wako." Mara nyingi utapewa na kiti. Ukimchora mtu kwa karibu, muombe ruhusa na muonyeshe kazi. Akisema "mbona pua kubwa hivyo?", mcheke pamoja. Akikataa kuchorwa, funga daftari. Kambi za jeshi, vituo vya ulinzi na mahali penye kibao cha kukataza picha, usichore kabisa. Mlinzi hataelewa ukimweleza habari za nafasi tupu.

Safari yako ijayo

Nunua daftari dogo lenye jalada gumu linaloingia mfukoni, penseli ya 2B na biki moja. Basi. Rangi zitakuja baadaye, au zisije.

Jiwekee michoro mitano kwa safari moja. Wa kwanza, mstari wa kipofu, kabla gari halijaondoka. Wa pili, mstari wa vilele vya milima, uliopimwa kwa kidole gumba. Wa tatu, watu watatu stendi, kila mmoja sekunde 30, macho yao kwenye mstari mmoja. Wa nne, nafasi tupu za mti mmoja. Wa tano, kitu kimoja kidogo ulichokiokota: jani, gamba la konokono, jiwe. Huu wa mwisho upe dakika 15 nzima.

Kila mchoro uandikie tarehe, saa, mahali, umetazama upande gani, na kipimo hata kama ni cha kukadiria. Ongeza sentensi moja: nimeona nini ambacho sikukitegemea? Hiyo sentensi ndiyo inayougeuza mchoro kuwa data. Ukikosa cha kuandika, rudi ukatazame tena kabla gari halijaondoka.